Gurudumu Moja Kwako, Jingine Kwangu

Safari hii sikuipanga. Nilikuwa na kazi yangu hapa Nyaramba. Vigingi nilikwisha kuvichonga na kuvilaza kando ya ukuta wa jikoni, na wiki ile nilikusudia kuwagawia wanangu watatu shamba la chai kama baba alivyotugawia sisi: vipande virefu, vinavyoanzia juu barabarani na kushuka hadi mtoni, ili kila mmoja apate pa kujenga, pa kulima na pa kunyweshea ng'ombe. Ndipo simu ikalia kutoka Kiogoro. Alikuwa Kwamboka, binti ya dada yangu Moraa.

"Mjomba, mama amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kubebwa. Amesema hapandi tena kwa kile kiti. Na Jumatatu ndio siku yake ya hospitali."

Ninyi mliobaki nyumbani mnamjua Moraa. Ndiye kifungua mimba wetu, na mimi mwenyewe nimekulia mgongoni mwake. Siku hizi moyo wake umechoka. Asipopata matibabu kwa wakati, maji yanajaa miguuni, kisha kifuani, na mara mbili tumekwisha kumwombea tukidhani ndiyo ya mwisho. Nyumba yake iko chini ya mteremko na gari halifiki. Pikipiki hawezi kuikalia. Kwa hiyo siku za hospitali vijana wa jirani humfunga kwenye kiti cha plastiki chenye miti miwili ubavuni, wakampandisha hadi kwenye lami. Safari ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha. Mmoja aliteleza, kiti kikainama, gauni likampanda dada yangu mbele ya vijana aliowaona wakizaliwa. Kwamboka aliniambia mama yake hakulia wala hakukemea mtu. Aliporudi alikiweka kile kiti nyuma ya nyumba akasema hatakikalia tena.

Ijumaa asubuhi niliondoka Nyaramba katika pikapu ya Kerubo, jirani yetu anayepeleka ndizi Kisii. Wengi mnamjua kwa ulimi wake. Aliniweka mbele, akarundika mikungu nyuma, na tulipofika kwenye mashamba ya chai ya kuelekea Nyamira alikuwa amekwisha kunieleza habari za kila boma. Mimi nilikuwa nikitazama vile vipande virefu vinavyoshuka mabondeni, vimepangana kama kuni kwenye tita, na nilijisikia vizuri. Nilimwambia kwamba wazee wetu waligawa kwa haki, kwa kuwa hakuna mtoto aliyepewa kilima kitupu na hakuna aliyepewa bonde tupu.

"Kugawa wanajua," Kerubo akasema. "Sasa ngoja ufike kule chini."

Nyamira tulisimama kidogo anunue kamba. Mji huu nimeujua tangu maduka yake yalipokuwa machache, na kila nikipita naukuta umesogea mbele. Lakini unasogea kwa kufuata barabara tu. Mbele ni maduka, duka la dawa, kinyozi, gorofa jipya lenye vyuma vilivyochomoza juu; ukienda haja nyuma ya gorofa hilo unajikuta kwenye migomba. Nilitafuta mahali ambapo njia moja inakata nyingine kule nyuma, sikuona. Mtu wa duka la tatu akitaka kwenda nyuma ya duka la tano, hurudi barabarani kwanza.

Saa za mchana tuliingia Kisii. Kerubo alikuwa anapeleka mzigo soko la Daraja Mbili, na lori lilikuwa limekufa katikati ya mtaa. Hakupiga honi hata mara moja. Alikata kushoto, akakata kulia, akapita nyuma ya benki na mbele ya duka la vitambaa, na kabla sijamaliza kulalamika tukawa tumetokea upande wa pili wa lori. Mitaa ya zamani ya Kisii iko hivyo. Imepishana, na ukifungiwa huku unapitia kule.

Tulipomaliza kushusha ndizi alinipeleka Kiogoro kwa hisani, nami namshukuru hapa mbele yenu. Kutoka mjini kuelekea huko nyumba hazikatiki siku hizi. Pale nilipokuwa nikiona mahindi pana nyumba za kupanga, za bluu, za kijani, nyingine hazijapakwa rangi lakini nguo zimeanikwa kwenye roshani. Trekta la mtu likapata pancha mbele yetu na magari yote yakasimama. Nilimwambia Kerubo akate kushoto kama alivyofanya mjini.

"Mwalimu, kushoto ni kwa mtu," akanijibu. "Na kulia ni kwa mtu. Hii ndio barabara, hakuna ingine."

Nilichungulia vichochoro vilivyokuwa vikishuka pande zote mbili. Kila kimoja kilikuwa na ukuta kushoto na ukuta kulia, kikateremka kwenda mtoni kikafia huko. Ilinichukua muda kuelewa ninachokiona. Vilikuwa ni vile vipande vyetu virefu. Baba kampa mwana, mwana kampa mwana, kipande kikawa chembamba, kisha mji ukafika na kukijenga jinsi ulivyokikuta.

Kwa dada yangu mnashuka kwa vichochoro viwili. Nasema viwili kwa sababu viko sambamba, na kati yao upo ua wa kayaba, ile miti ya miiba ambayo ng'ombe mwenyewe huiheshimu. Kimoja ni cha Moraa. Cha pili ni cha shemeji yake Onchiri, mdogo wa marehemu mume wake. Baba yao alipowagawia aliwaambia kila mmoja aache njia kwenye ardhi yake, asije mmoja akadaiwa na mwenzake. Wakaacha. Kila njia inapitisha toroli, ng'ombe au pikipiki. Hakuna inayopitisha gari. Nilisimama pale juu na mkoba wangu, nikanyoosha mikono, nikahesabu kwa macho, nikahisi hasira inanipanda. Ondoa ule ua na hapo pana barabara.

Jioni ile Moraa alinipokea akiwa amekaa kwenye godoro, ameegemea mito, kwa maana akilala chali hapumui. Alinishika mkono akaukagua kama anayenunua.

"Umekonda. Mke wako bado anapika?"

"Anapika. Kwamboka anasema umekataa kwenda hospitali."

"Mimi sikukataa hospitali. Nimekataa kiti." Akapumzika kidogo, kisha akanionyesha mlango. "Ombati alipokufa, walikata ua huu asubuhi moja. Gari lilimleta mpaka pale kizingitini. Mume wangu akiwa hai alipanda mlima huu kwa miguu, anakohoa, anashika miiba. Akiwa maiti akapata gari. Tukamzika, na wiki iliyofuata wakaziba. Mimi, ndugu yangu, sitaki njia ya jeneza. Kama wataniletea gari, waniletee nikiwa nimekaa."

Nyumbani tunazungumza Kigusii, na maneno yake nimeyaweka kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Sikuweza kuyaweka na ile pumzi yake iliyokuwa ikikatika kila baada ya maneno machache. Nilitoka nje nikajifanya natazama hali ya hewa.

Jumamosi, siku ya Sabato, nyimbo zilianza kusikika mapema. Kanisa liko ng'ambo ya mteremko, na kutoka mlangoni kwa Moraa unaliona paa lake na unaweza kumtambua mtu kwa rangi ya nguo. Amekuwa akisali hivyo mwaka mzima, akiwa mlangoni, akiimba nao kutoka huku. Zamani palikuwa na kijia kilichokata ubavu wa kilima, kikipita kwenye vipande vyote kimoja baada ya kingine. Hakikuwa cha mtu. Wasichana walipita na mitungi, watoto walipita na vitabu, na waumini walipita na viatu mkononi. Nilikipita mimi mwenyewe siku ya harusi yake. Nikasema nitakwenda kanisani nikamwombee, na nitapita njia hiyo.

Nilipita kipande cha Onchiri, nikapita migomba ya mtu mwingine, nikakuta ukuta wa mawe wenye vipande vya chupa juu. Mwanamke kijana alikuwa akifua upande ule wa ukuta, namwona kupitia tundu la bomba.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Natafuta njia ya kanisa."

"Huku hakuna njia. Rudi juu kwa lami, utembee, halafu ushuke na ile ingine."

"Hapa palikuwa na njia, mama."

"Mimi nimekuja nikapata ukuta," akasema, kwa upole, na akaendelea kufua.

Simlaumu. Amepanga chumba, anafanya kazi mjini, na huo ukuta haukujengwa naye. Huenda na yeye anazunguka vilevile kila siku bila kujua kwamba anazunguka. Nilirudi juu, nikatembea na lami, nikashuka tena. Nilipofika mahubiri yalikuwa yamefika katikati, na shati langu lilikuwa limelowa jasho.

Alasiri Onchiri alikuja kunijulia hali. Ni mtu wa maneno machache, alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha chai kule Itumbe na bado anaongea kwa sauti ya juu kama mtu aliyezoea mashine. Moraa aliagiza aletewe kiti barazani, na yeye mwenyewe akasaidiwa kutoka akaketi mlangoni. Nilianza kwa heshima, lakini mnanijua. Haikuchukua muda sauti yangu ikawa kama yake.

"Shemeji, ungependa tumbebe huyu mama Jumatatu akiwa amekufa?"

"Mwalimu, usiseme hivyo nyumbani kwa kaka yangu." Aliinua mkono. "Mimi simchukii. Kiti kile mimi mwenyewe nimekibeba. Lakini huo ua ndio mpaka. Wanangu wako Nairobi, wanawe wako Nairobi. Sisi tukifa watakuja hapa na mapanga kutafutana mpaka uko wapi. Huku mji umeingia, kila hatua ya ardhi inaangaliwa. Umeshaona watu wanauana kwa hatua moja?"

Nimeona, na ninyi mmeona.

"Tena," akaongeza, "baba aliniambia nisiung'oe. Alisema hivyo mbele yangu, akiwa mgonjwa. Huo ua ni wake."

Hapo Moraa akacheka. Kicheko kilimkohoza, Kwamboka akaja kumshika mgongo, na sote tukangoja.

"Ua huu si wake," akasema. "Ni wangu. Mbegu nilizitoa kwetu Nyaramba, kwenye boma la ng'ombe, nikazifunga kwenye leso. Nilikuwa nimeolewa juzi. Baba yenu alikuwa anashuka mtoni kuoga asubuhi na mimi nashuka kuteka maji, na njia ilikuwa moja. Kila siku tunakutana. Yeye anageuza uso, mimi najitupa kwenye migomba na mtungi unamwagika. Siku moja alijificha yeye, mtu mzima, kwenye shimo la mbolea, kwa sababu yangu. Mama yenu akaniambia, mwanangu, panda kitu hapo katikati. Nikapanda. Ndipo baba yenu akawa na upande wake na mimi na wangu."

Wasomaji wa mbali huenda hawajui: kwetu mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukwepana, na hiyo heshima tunaiita chinsoni. Haina uadui ndani yake. Kayaba ile ilikuwa adabu ya bibi harusi kwa baba mkwe wake.

"Alikuambia usiung'oe kwa kuniheshimu mimi," Moraa akaendelea. "Sasa yeye amelala pale kaburini. Mimi ndimi niliyepanda. Niambie, Onchiri, bado namficha nani? Heshima hiyo ndiyo inanivua nguo mbele ya watoto."

Onchiri alitazama ule ua, kisha kaburi la baba yake, kisha mikono yake. Aliaga bila kumaliza chai, na niliona kwamba nimeharibu safari. Usiku ule mimi na dada yangu hatukuzungumza tena habari hiyo.

Jumapili asubuhi nilisikia chuma kikigonga mti. Nilitoka nikiwa na soksi. Onchiri alikuwa juu kabisa, kwenye lami, na panga lake, ameanza kukata akishuka. Moraa alikuwa amekwisha kumsikia kabla yangu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akamwambia Kwamboka kwa sauti ili nisikie. "Leo ni ya tatu. Mpe mjomba wako panga."

Tulikata wawili, kisha wakaja wale vijana wanaobeba kiti, kisha na mwenye migomba akaja. Kayaba haikubali kwa urahisi. Ilinichana mikono hadi viwiko, na mizizi yake tuliichimba kwa sururu. Mchana Onchiri alileta mawe bapa kwa toroli, akaanza kuyazika katikati, pale shina zilipokuwa, kila moja likiwa sawa na udongo. Nilimuuliza anafanya nini.

"Mpaka," akasema. "Uko palepale, hausogei. Lakini sasa umelala chini." Akasimama juu ya jiwe, akatanua miguu. "Gari likishuka, gurudumu moja kwako, jingine kwangu. Watoto wakija waone."

Naye akaangalia pembeni, nami nikaangalia pembeni, kwa maana wazee wawili hawafai kulia shambani na mapanga mkononi.

Jumatatu mapema nilimpigia Kerubo simu, kwa kuwa ndiye nimwaminiye kwenye mteremko. Alishuka polepole, injini ikinguruma, jiwe moja baada ya jingine likipita katikati ya magurudumu. Hakugusa ukuta. Akafika mpaka kizingitini, pale pale gari la Ombati liliposimama, akazima na kushuka. Moraa alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe. Alisimama kwa kunishika bega, akavuka kizingiti, akafungua mlango wa pikapu mwenyewe. Tukataka kumsaidia kupanda, akatuzuia kwa mkono, akapanda. Onchiri alisimama upande wake wa mawe.

"Uende salama, mke wa kaka."

"Nitarudi," Moraa akasema. "Na nitarudi kwa hapa."

Alirudi jioni ileile, amechoka lakini anapumua, na gari likamshusha mlangoni. Daktari hakutuahidi mengi. Moyo wake ni uleule, na sitawadanganya kwamba njia inaponya moyo. Lakini aliomba asipelekwe kitandani kwanza. Alikaa mlangoni hadi giza likaingia, akitazama ile barabara fupi, na alipomwona yule mwanamke niliyemkuta akifua nyuma ya ukuta akipanda nayo kutoka mtoni na ndoo, akamsalimu kwa mkono. Yule mama alikuwa ameshaigundua kabla ya siku kuisha.

Jumanne nilirudi. Kisii nilipita tena kwenye ile mitaa inayopishana, na Nyamira nikaona gorofa lile limeongezwa tofali, nyuma yake migomba ileile. Niliyotoka nayo safarini ni haya. Mji hauji na njia zake mfukoni. Unapokea zile tulizoziacha, na tusipoacha haupati, na hakuna atakayevunja nyumba ya gorofa ili kijia cha kanisa kirudi. Haki ya kugawa tuliirithi tukaijua sana. Tulisahau kwamba baba zetu waligawa mashamba yenye vijia, na vijia havikuwa vimegawiwa mtu.

Hapa Nyaramba bado ni chai na mahindi. Lakini soko letu linakua, na hata Kiogoro niliiona ikiwa chai na mahindi.

Kwa hiyo jioni niliyofika nilichukua vigingi kando ya ukuta wa jikoni. Mke wangu, Bosibori, alinifuata hadi shambani akidhani nimekwenda kupima kipande cha kifungua mimba. Nilianza kupigilia kwenye ubavu wa kilima, kigingi huku na kigingi kule, nikipima kijia kinachokata vipande vyote vitatu kutoka upande wa jirani huyu hadi upande wa jirani yule, ndani ya chai nzuri aliyoipanda baba yangu. Alitazama kwa muda mrefu. Ile chai ameichuma yeye tangu aolewe.

"Hicho unampa nani?" akauliza.

"Nampa atakayeugua kwanza."

Akatembea kutoka kigingi kimoja hadi cha pili, akapima kwa hatua zake, akageuka na kunitazama vizuri, mvi zangu na mikwaruzo ya mikononi mwangu.

"Basi ongeza upana kidogo," akasema, na akaenda kuleta kamba.